Bunduki Inapolala Nje ya Nyumba: Mwongozo kwa Mwenye Cheti cha Bunduki ya Marisau

Mtu aliyepewa cheti cha bunduki kwa kawaida huwa amekwisha kujipanga nyumbani kwake. Ana kabati la chuma lililokazwa ukutani, anajua ufunguo uko wapi, na watu wa nyumba wanafahamu kwamba kabati hilo haliguswi. Shida huanza siku anapolazimika kuiacha bunduki mahali pengine. Nyumba inakarabatiwa, na mafundi wanaingia na kutoka. Kazi imemhamishia Kisumu kwa miezi 6. Amelazwa hospitalini. Makao yake yako Nairobi lakini shamba liko Laikipia. Katika hali kama hizi wengi hufanya lile linaloonekana kuwa jepesi: huifunga bunduki katika mfuko wake, huipeleka kwa jamaa wanayemwamini, na kusema, "Shemeji, nitunzie hiki mpaka nirudi."

Maneno hayo machache yanaweza kuwafikisha watu wawili mahakamani: mwenye cheti, kwa kumwachia silaha mtu asiyeruhusiwa kuwa nayo, na shemeji, kwa kupatikana na silaha bila cheti. Hilo ni la upande wa sheria. Upande wa pili ni mzito zaidi. Nyumba ya shemeji ina watoto ambao hawajawahi kufunzwa kuhusu bunduki, ina mlinzi wa usiku, ina wageni wa mwisho wa wiki, na haina kabati la chuma. Bunduki iliyokuwa salama kwa miaka 10 sasa inalala juu ya kabati la nguo.

Tumeandika makala haya kwa ajili ya mwenye cheti anayetaka kufanya jambo sahihi lakini hajui aanzie wapi. Tunaeleza sheria ya Kenya inamtaka afanye nini, ni mahali gani anapoweza kuiacha bunduki yake, aangalie nini anapolipia huduma hiyo, na afanye nini mambo yakienda kombo.

Bunduki tunayoizungumzia

Bunduki ya marisau, ambayo wengi huiita shotgani, ina mtutu ulio laini ndani, nayo hufyatua chembe nyingi ndogo za risasi kwa mpigo mmoja. Iliyozoeleka zaidi ni ya kipimo cha 12, ambayo tundu la mtutu wake lina upana wa takriban milimita 18.5. Uwindaji wa burudani ulipigwa marufuku nchini Kenya mwaka 1977. Kwa hiyo wengi walio na bunduki hizi leo ni wakulima na wafugaji wanaolinda mali zao, pamoja na wanamichezo wanaolenga visahani vya udongo vinavyorushwa hewani.

Matumizi haya ndiyo yanayoifanya bunduki ya marisau itembee. Silaha ya mkulima huenda shambani, na ya mwanamichezo huenda kwenye uwanja wa kulenga shabaha kisha ikarudi. Kwa sababu hiyo mwenye bunduki hii hukabiliwa mara kwa mara na swali la mahali pa kuihifadhi.

Sheria inadai nini

Sheria ya Silaha za Moto, yaani Sura ya 114 ya Sheria za Kenya, ndiyo inayotawala jambo hili. Yako mambo matatu ndani yake ambayo kila mwenye cheti hana budi kuyaweka moyoni.

La kwanza, hakuna anayeruhusiwa kuwa na bunduki au risasi bila cheti. Cheti hutolewa na Bodi ya Leseni za Silaha, na ni cha mtu mmoja kwa jina lake. Si cha familia, si cha shamba, wala si cha kampuni ya rafiki.

La pili, kifungu cha 18 kinamtaka kila mwenye silaha aihifadhi mahali salama wakati wote, na achukue hadhari zote za busara ili isipotee, isiibwe, wala isimfikie mtu asiyekuwa na haki ya kuwa nayo. Tunaomba msomaji ayatazame maneno "wakati wote". Sheria haikusema "akiwa nyumbani". Wajibu humfuata mwenye cheti barabarani, hotelini, shambani, na hata anapokuwa nje ya nchi.

La tatu, ni kosa kumuuzia, kumkodisha, kumwazima au kumpa bunduki mtu asiyeonyesha kwamba ameruhusiwa kisheria kuipokea. Nia njema haibadilishi jambo hili. Kumkabidhi mtu bunduki "aitunze tu" ni kumpa.

Kutokana na mambo hayo matatu inazaliwa kanuni moja ambayo ndiyo kiini cha makala haya: bunduki ikitoka nyumbani, wajibu wako hutoka nayo. Haubaki ukutani pamoja na kabati.

Swali la ufunguo

Watu hutuuliza: je, naweza kuiacha bunduki katika nyumba ya ndugu yangu asiye na cheti, ikiwa nitaifungia ndani ya kabati langu mwenyewe na kuondoka na ufunguo?

Hapa ndipo tofauti ya kumiliki na kufikia inapojitokeza. Kwa kawaida swali la kwanza atakalouliza mpelelezi si bunduki ni ya nani. Nambari yake inatosha kujibu hilo. Atauliza ni nani aliyeweza kuifikia. Mwenye ufunguo, au mwenye kujua ulipofichwa, au mwenye kujua tarakimu za kufungulia, ndiye aliyeweza kuifikia. Ikiwa mtu huyo hana cheti, hifadhi hiyo imeharibika hata kama kabati ni la chuma kizito.

Kwa hiyo kabati lililokazwa vizuri, na ambalo ufunguo wake wote uko kwa mwenye cheti peke yake, ni bora mara nyingi kuliko kifurushi kilichoachwa chini ya kitanda. Hata hivyo, tunashauri mtu asichukue hatua hiyo kwa akili yake mwenyewe. Mahali pa kuhifadhia silaha ni jambo ambalo maafisa wa leseni wana haki ya kulijua na kulikagua. Kabla ya kuweka kabati katika nyumba ya pili, iwe ya shamba au ya ndugu, waandikie, eleza mahali penyewe na sababu, na subiri jibu lao kwa maandishi.

Kanuni ya ufunguo huanzia nyumbani. Mke au mume asiye na cheti ni mtu asiyeruhusiwa, hata kama ndoa ina miaka 30. Vivyo hivyo mtoto mtu mzima, na mlinzi wa lango. Jambo hili huwaudhi baadhi ya wasomaji wetu, kwa kuwa linaonekana kama kumshuku mwenzi wa maisha. Tunaliona kwa namna nyingine: asiyejua ufunguo uliko hawezi kulazimishwa na mwizi kuutoa, na hawezi kulaumiwa bunduki ikipotea.

Mahali panapokubalika

Muuzaji silaha aliyesajiliwa. Kwa anayeondoka kwa wiki kadhaa au miezi, hili ndilo suluhisho tunalolipendekeza kwanza. Muuzaji aliyesajiliwa ana ruhusa ya kisheria ya kuwa na silaha katika biashara yake, ana chumba cha chuma, na huandika katika daftari kila silaha inayoingia na kutoka. Hutoza ada, kwa mwezi au kwa mwaka. Tutarudi kwenye maswali ya kumuuliza.

Kituo cha polisi. Kituo chenye ghala la silaha kinaweza kupokea bunduki ya raia kwa muda, hasa panapokuwa na dharura: msiba, ugonjwa, kufukuzwa katika nyumba ya kupanga, au ugomvi wa nyumbani ambao unafanya kuwepo kwa bunduki kuwe hatari. Zungumza kwanza na afisa msimamizi wa kituo, yaani OCS. Usitokee mlangoni na bunduki mkononi bila taarifa. Hakikisha imeandikwa katika Kitabu cha Matukio, na uondoke na nambari ya OB pamoja na stakabadhi.

Klabu ya kulenga shabaha. Baadhi ya klabu zina ghala la wanachama. Usidhani kwamba kila klabu iliyo na uwanja ina ruhusa ya kuhifadhi silaha usiku kucha. Uliza, na uonyeshwe kibali.

Mwenye cheti mwingine. Rafiki mwenye cheti chake na kabati lake anaonekana kuwa jibu rahisi. Lakini cheti chake kinataja silaha yake, hakitaji yako. Kuwa na ruhusa ya bunduki moja hakumpi mtu ruhusa ya kila bunduki. Njia hii haifai kutumiwa bila idhini ya maandishi ya maafisa wa leseni. Vilevile angalia kama cheti chake ni cha sasa. Mwezi Desemba 2018 Serikali iliagiza wenye vyeti wote wahakikiwe upya, na baada ya hapo vikaja vyeti vya kidijitali. Mtu akikuonyesha kijitabu cha zamani pekee, huo si uthibitisho wa kutosha.

Mahali pasipofaa ni pengi, nasi tutapataja kwa ufupi: kwa jamaa asiye na cheti, katika stoo ya kukodi ya samani, kwa wakili au mchungaji, katika kabati la ofisi ambalo ufunguo wake mwingine uko kwa mhasibu, na katika buti ya gari lililoegeshwa kwa siku nyingi. Wema wa mtu na heshima ya ofisi yake havichukui nafasi ya cheti.

Njiani

Safari ndiyo saa ya udhaifu mkubwa. Kabla ya kuondoka, hakikisha chemba ni tupu, na uhakikishe tena kwa macho na kwa kidole. Bunduki ya kukunja inaweza kutenganishwa sehemu tatu: mtutu, kitako, na kishikio cha mbao kilicho chini ya mtutu. Itenganishe, iweke katika kasha linalofungwa kwa kufuli, na uweke risasi katika kasha jingine. Kishikio hicho cha mbao ni kidogo. Ukikichukua na kukaa nacho, atakayeiba vipande vilivyosalia hawezi kuitumia bunduki ipasavyo.

Ndani ya gari, kasha liwe mahali pasipoonekana. Usibandike vibandiko vya klabu ya shabaha kwenye kioo. Ni tangazo kwa mwizi. Usilale njiani na bunduki garini. Ukisimama kula au kununua mafuta, mmoja wenu abaki na gari, naye awe mwenye cheti. Ikiwa uko peke yako, jaza mafuta kabla ya kuchukua bunduki. Beba cheti chako safari nzima, kwa kuwa askari wa kizuizi cha barabarani atakitaka.

Hotelini, sefu ndogo ya chumbani haitoshi: bunduki ya marisau haiingii humo, na wahudumu wana njia ya kuifungua. Piga simu kabla ya kuweka nafasi. Ikiwa hoteli haina mahali palipoidhinishwa kuhifadhi silaha, panga na kituo cha polisi kilicho karibu au badilisha mpango wa safari.

Kwa ndege, bunduki haiingii katika chumba cha abiria. Husafirishwa katika sehemu ya mizigo ikiwa tupu na imefungwa, baada ya kutangazwa kwa shirika la ndege na kwa polisi wa uwanja. Kwa kanuni za usafiri wa anga, risasi haziwezi kuzidi kilo 5 kwa abiria mmoja, nazo huhitaji idhini ya shirika kabla ya siku ya safari. Omba mapema, kwani baadhi ya mashirika hukataa kabisa. Anayevuka mpaka kwenda Tanzania au Uganda akumbuke kwamba cheti cha Kenya hakimpi ruhusa upande wa pili. Asipate kibali cha nchi anayokwenda, bunduki na ibaki.

Kabati lenyewe

Anayeruhusiwa kuwa na mahali pa pili pa kuhifadhia, kwa mfano katika nyumba ya shamba, ajenge hifadhi kwa uangalifu uleule wa nyumbani, au kuupita, kwa kuwa nyumba hiyo hukaa bila mtu.

Kabati liwe la chuma chenye unene wa angalau milimita 2, lenye bawaba zisizoweza kukatwa kutoka nje na makufuli mawili, moja juu na jingine chini. Likazwe kwa skrubu nene kutokea ndani, kwenye ukuta wa mawe au zege. Kabati lililokazwa kwenye ukuta wa mbao au mabati hung'olewa na kubebwa lote. Liwekwe mahali ambapo mgeni wa sebuleni halioni na ambapo nondo ya kung'olea haina nafasi ya kuingia, kwa mfano kwenye kona.

Risasi zikae katika sanduku jingine la chuma lenye ufunguo wake. Maana ya kutenganisha ni muda: atakayefaulu kuvunja moja atakuwa hajapata bunduki inayofyatuka, na kila dakika anayopoteza ni dakika ya majirani kusikia.

Funguo ziwe kwa mwenye cheti. Zisitundikwe nyuma ya mlango, zisifichwe chini ya chungu cha maua. Anayetumia tarakimu asichague mwaka wake wa kuzaliwa.

Bunduki ikikaa muda mrefu bila kutumika, adui mwingine ni kutu. Kutu ndani ya mtutu hudhoofisha chuma, na mtutu uliodhoofika unaweza kupasuka usoni mwa mtumiaji. Mwambao wa Mombasa, Malindi na Lamu, hewa ya chumvi hufanya kazi hii haraka. Safisha mtutu, paka mafuta mepesi, na usiiache bunduki ndani ya mfuko wa ngozi au kitambaa kwa miezi, kwa kuwa mfuko hushika unyevu. Weka vifuko vya kunyonya unyevu ndani ya kabati na uvibadilishe. Ukiwa umeihifadhi kwa muuzaji, uliza kama huduma ya kupaka mafuta imo ndani ya ada au inalipiwa kando.

Unapolipia huduma ya kuhifadhiwa

Anayelipa ili bunduki yake ihifadhiwe ni mlaji kama mwingine yeyote. Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa haki ya huduma yenye ubora unaofaa, haki ya kupata taarifa anazohitaji, haki ya kulindwa afya yake, usalama wake na maslahi yake ya kiuchumi, na haki ya kufidiwa anapopata hasara kutokana na kasoro ya huduma. Sheria ya Kulinda Walaji ya mwaka 2012 inaendeleza haki hizo. Hata hivyo, haki isiyo na karatasi ni ngumu kuidai. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Kabla ya kukabidhi bunduki, omba kuonyeshwa usajili wa biashara hiyo kama muuzaji silaha, na utazame tarehe yake ya mwisho. Uliza maswali haya, na majibu yaandikwe katika mkataba: Bunduki itakaa katika jengo hili au itahamishiwa kwingine? Ni nani wanaoingia ghalani? Je, iko bima inayofidia wizi na moto, na kwa kiasi gani? Naweza kuichukua saa ngapi, na kwa taarifa ya siku ngapi? Ada ikichelewa itakuwaje? Swali hili la mwisho husahauliwa na wengi. Baadhi ya mikataba ina sharti la kuuza mali ya mteja asipolipa kwa muda fulani. Ukiona sharti kama hilo, omba liondolewe au lieleze wazi kwamba utaarifiwa kwa maandishi kwanza.

Siku ya kukabidhi, piga picha ya bunduki pande zote, pamoja na nambari yake. Stakabadhi itaje aina, mtengenezaji, kipimo, nambari ya silaha, idadi ya risasi ikiwa zimeachwa, hali ya mbao na mtutu, tarehe, na jina la aliyepokea. Stakabadhi iliyoandikwa "bunduki 1" haina maana. Bunduki 1 yoyote inaweza kurudishwa. Nakala moja ibaki kwako na nyingine kwa mtu unayemwamini. Mtu huyu wa pili hapaswi kuigusa bunduki, lakini anapaswa kujua iliko.

Kisha wajulishe maafisa wa leseni kwa barua fupi: silaha nambari fulani imehifadhiwa mahali fulani kuanzia tarehe fulani hadi tarehe fulani. Usisahau pia kwamba cheti kina tarehe ya mwisho. Bunduki kulala katika ghala la muuzaji hakusimamishi siku za cheti chako. Wapo wanaorudi kutoka ng'ambo na kukuta cheti kimekwisha muda. Hawawezi kukabidhiwa bunduki yao mpaka wakihuishe. Anayeondoka kwa muda mrefu ahuishe cheti kabla ya safari.

Ikipotea au ikiibwa

Toa taarifa polisi mara moja. Usingoje kesho kwa matumaini kwamba "huenda ni kijana wa nyumbani ameichukua". Kila saa inayopita ni saa ambayo silaha yenye nambari yako iko mkononi mwa mtu usiyemjua. Toa nambari ya silaha, picha, stakabadhi, na idadi ya risasi. Pata nambari ya OB, kisha wajulishe maafisa wa leseni kwa maandishi.

Ikiwa imepotea ikiwa kwa muuzaji, usiridhike na ahadi yake kwamba "tunashughulikia". Toa taarifa wewe mwenyewe pia. Baada ya hapo ndipo lifuate dai la fidia. Mtu aliyeonyesha kwamba alichagua mhifadhi aliyesajiliwa, akachukua stakabadhi kamili na kuwajulisha maafisa ana la kusema atakapoulizwa kama alichukua hadhari zote za busara. Aliyemwachia shemeji hana.

Mwenye bunduki akifariki

Shamba hurithiwa, ng'ombe hurithiwa, lakini cheti cha silaha hufa na mwenyewe. Katika siku za matanga nyumba hujaa watu, milango iko wazi, na funguo za marehemu hupita mikono mingi. Huo ndio wakati ambao bunduki iliyohifadhiwa vizuri maisha yote hupotea.

Warithi wasiitoe bunduki kabatini ili kuitazama, na wasigawane risasi. Wapige simu kituo cha polisi, waeleze kwamba mwenye cheti amefariki, na waombe maafisa waje kuichukua. Wapewe stakabadhi. Mrithi anayeitaka ataomba cheti chake mwenyewe kama mwombaji mwingine yeyote; asipokipata, bunduki inaweza kuuzwa kupitia muuzaji aliyesajiliwa, na fedha zikaingia katika mali ya marehemu. Tunamshauri kila mwenye cheti aandike ukurasa mmoja unaoeleza mambo haya na kuuweka pamoja na wosia wake.

Kabla ya kuondoka: mambo ya kukumbuka

Hakikisha bunduki ni tupu, kisha hakikisha tena.
Iache tu kwa mhifadhi mwenye ruhusa ya kisheria, na uione ruhusa hiyo kwa macho yako.
Tenganisha bunduki na risasi, njiani na ghalani.
Ufunguo usiwe kwa mtu asiye na cheti, hata wa nyumbani.
Stakabadhi itaje nambari ya silaha na hali yake.
Wajulishe maafisa wa leseni kwa maandishi, na utunze nakala.
Tazama tarehe ya mwisho ya cheti kabla ya safari.
Ikipotea, ripoti saa hiyohiyo.

Tunajua kwamba hatua hizi zina gharama na usumbufu. Ada ya miezi 6 ni fedha, na foleni ya kituoni ni muda. Lakini msomaji ajiulize ni nani atakayelipa iwapo bunduki yake itaangukia mikono isiyofaa. Mara nyingi hatakuwa yeye. Atakuwa mtoto wa shemeji aliyefungua kifurushi kwa udadisi, au abiria wa matatu, au mwenye duka la mtaa wa pili. Cheti kilitolewa kwa sababu mwenyewe aliaminiwa kuwalinda watu hao pia, na imani hiyo haina likizo wakati yeye akiwa safarini.